Kikombe cha Mama Mkwe

Kila nikimaliza kuosha vyombo, mama mkwe alirudi jikoni kuchemsha maji na kuosha tena. Nilimsikia akiburuta kandambili, kisha maji yakianza kutokota alianza na yeye kuimba, kwa sauti ya chini iliyokatwakatwa na kikohozi. Alitoka huko vidole vimebabuka. Mimi chumbani, nikimnyonyesha mtoto, nilifura kwa hasira: yaani vyombo vyangu vinamtia kinyaa! Miezi minne nilivumilia, wa tano nikamwambia mume wangu ampeleke kwa wifi.

Asubuhi ya safari, mkoba ukiwa tayari mlangoni, nilimkuta jikoni kama kawaida yake. Ndani ya sufuria mlikuwa na sahani moja, kijiko kimoja na kile kikombe chake cha bluu, basi.

“Na vingine, mama?”

“Vyenu viko safi, mwanangu, unaviosha vizuri. Hivi nimetumia mimi. Nachelea kifua hiki kisije kikamwambukiza mjukuu wangu.”

Nje gari likapiga honi. Nilibeba mkoba wake, nikamtangulia kwenye gari.