Nilisema ndege za stealth ni kona na rangi nyeusi tu, mlango wa pikapu ya mkwe ukanitia adabu

Wakuu, habari za mchana. Kama chai ipo karibu, jimiminieni kwanza, maana nina maelezo kidogo.

Ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe hapa Babati na sijaongeza chumvi. Hata sehemu zinazoniaibisha nimeziacha kama zilivyo, na ziko nyingi.

Wa siku nyingi humu mtanikumbuka. Mimi ndiye nilianzisha ule uzi kwamba nchi nyingi hazitengenezi ndege za stealth, zile zisizoonekana kwenye rada, kwa uvivu tu. Niliandika kwa kujiamini kabisa: "Ni bati lenye kona kona na rangi nyeusi. Nipeni hanga ya kuwekea ndege na mashine ya kuchomelea."

Mlinicheka kurasa nne. Nikawajibu wote kwamba hamna uzalendo.

Leo nimekuja kufuta kauli. Ila msijisifu sana, aliyenishinda ni mlango wa pikapu.

Kwa wasionifahamu, mimi ni fundi bodi na rangi. Gereji yangu iko barabara ya Dodoma, kabla hujafika Bonga. Ukigongwa, ukigonga, ukikwaruzana na bajaji sokoni, unaletwa kwangu. Nanyoosha, najaza puti penye mabonde, napiga msasa, napuliza rangi, gari linatoka linang'aa.

Sasa kuna binti anaitwa Veronika. Anauza mbegu na dawa za mifugo kwenye duka la pembejeo mjini. Nilikuwa naenda pale kila wiki kununua dawa ya kuku.

Sina kuku.

Mambo yakaenda vizuri, tukaelewana, nikamtuma mjomba wangu, Baba Happy, apeleke posa kwao Sigino. Kwao ni watu wa Mbulu walioshuka huku zamani, Wakatoliki wa kweli kweli. Baba yake ni mstaafu, sasa hivi analima mahindi na mbaazi. Nilijua sijawahi kumwona hata siku moja, kwa hiyo nilikuwa nasubiri jibu tu.

Jibu likaja fupi: "Huyo kijana aje mwenyewe Jumamosi. Nasikia ni fundi bodi. Nataka nimwone."

Hayo maneno "nasikia ni fundi bodi" yalitakiwa yanishtue. Mimi nikaenda kunyoosha shati.

Jumamosi tukafika, mimi na Baba Happy. Kuingia tu uani, macho yangu yakatua kwenye pikapu ya kijani iliyopaki pembeni ya zizi.

Wakuu, ile pikapu niliijua. Kama mwezi mmoja nyuma, mzee mmoja mwenye kofia aliniletea mlango wa kushoto umebonyea, ng'ombe aliuegemea akijikuna. Chini ya mlango kulikuwa na kutu. Kazi halali ni kuikata ile kutu yote, kupachika bati jipya na kuchomelea. Lakini siku ile ilikuwa ya mnada, magari yamejaa gereji, nikaona huyu mzee ataelewa nini. Nikapaka puti juu ya kutu, nene kama andazi, nikapiga msasa, nikapuliza rangi. Mzee akashukuru sana, akaondoka.

Sasa mzee huyo huyo anatoka ndani, na kofia ile ile.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, fundi."

Hakusema mwanangu. Kasema fundi. Kama hujawahi kwenda kuposa ukaikuta kazi yako mbovu imepaki uani, shukuru Mungu wako.

Mama Veronika akatukaribisha makande na maziwa mgando. Nikakaa nimeupa mgongo ule upande wa pikapu, kana kwamba nisipoiangalia itaondoka. Nia yangu ilikuwa moja tu, maongezi yasifike kwenye magari. Bahati nzuri Baba Happy akamuuliza mzee alikuwa anafanya kazi gani kabla ya kustaafu.

Mzee akasema alikuwa fundi wa rada, zile za kuongozea ndege. Miaka mingi, mpaka akastaafu.

Hapo nikaona upenyo. Badala ya kunyamaza nile makande, nikajitosa.

"Baba, zile ndege zisizoonekana kwenye rada, si ni kona tu na rangi nyeusi? Hata sisi hapa tungetengeneza."

Baba Happy akanikanyaga chini ya meza. Nikaendelea. Nikasema mpaka habari ya hanga.

Mzee akaacha kutafuna. Kisha akacheka, kicheko kizuri tu cha mtu aliyefurahi. "Rangi nyeusi inadanganya macho, fundi. Rada haina macho. Hebu njoo."

Akanipeleka kwenye stoo ya mahindi, akafunga dirisha na mlango. Mchana kweupe lakini mle ndani giza. Akashika tochi mkono mmoja, mkono mwingine kioo chake cha kunyolea.

"Rada ni hii tochi. Inatupa mawimbi, inasubiri yarudi." Akakimulika kioo, akakielekeza kwangu, mwanga ukanipiga usoni. Akakilaza kidogo, mwanga ukaenda kupiga magunia kule, na kioo mimi sikioni tena. "Hiyo ndiyo kona unayoisema. Mawimbi yanaenda pengine, rada haipati kitu. Wewe ulijua mpaka hapa."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshinda.

Akabana tochi kwapani, akaokota bolti sakafuni, akaikalisha juu ya kioo bila kubadili ule mlalo. Akamulika tena. Kioo hakionekani, lakini kichwa cha bolti kinameta kama jicho la paka.

"Umeona? Kioo kimejificha, bolti imekitaja."

Mzee ndiyo kwanza anaanza. Akasema bolti moja tu ikichomoza, au bati mbili zikipishana mwanya kidogo, mawimbi yanarudi nyumbani na habari. Kwa hiyo kila kipande cha ndege hiyo lazima kikae sawasawa na jirani yake, tena kikae hivyo hivyo ikiwa angani, bati linajikunja, baridi na joto vinapishana.

Rangi nayo siyo ya kupuliza kama zangu. Ina vitu ndani yake vya kumeza mawimbi, na inatakiwa unene uleule kila mahali. Jua, mvua, mchanga, vyote vinaila. Ndege ikitua watu wanaikagua upya, wanaziba na kupaka tena, na wakikosea mahali padogo wameitia alama wenyewe.

Bado injini. Yale mapanga yanayozunguka ndani yanarudisha mawimbi vibaya sana, hivyo yanafichwa ndani kabisa, hewa inaingia kwa njia ya kupinda. Ukiipinda njia vibaya, injini inakosa pumzi. Nyuma kuna moto, na kuna vyombo vinavyoona joto. Silaha huwezi kuzining'iniza nje, lazima zikae tumboni. Halafu umbo linalojificha vizuri mara nyingi linaruka vibaya, linataka kompyuta ya kulirekebisha muda wote, la sivyo rubani halimudu.

"Na kwa taarifa yako," akasema, "haipotei kabisa. Zipo rada za mawimbi marefu zinazoweza kuihisi. Wanachotafuta ni ionekane ikiwa imeshakaribia."

Nikauliza kwa sauti ndogo, mbona nchi nyingine zina viwanda vikubwa tu na bado hazina?

"Kimoja kimoja wengi wanaweza. Huyu ana bati zuri, hana injini. Yule ana injini, rangi hajaijua. Shida ni vyote vikae pamoja kwenye ndege moja, na ya pili itoke sawa na ya kwanza. Wanaojua hawamfundishi mtu. Na mahali pa kuipima kama imejificha kweli, hapo penyewe ni kazi nyingine."

Nikasema, "Kumbe."

Akafungua mlango wa stoo. "Haya. Twende sasa kwenye ndege yangu."

Nikamfuata nje.

Akachomoa mfukoni sumaku ya spika mbovu, ameifunga kamba. Akaipitisha kwenye boneti, ikang'ata, ta. Kwenye mlango wa kulia, ta. Akazunguka upande wa kushoto, akaiweka chini ya mlango, pale pangu. Ikaanguka. Akaiweka tena, ikaanguka. Mara ya tatu ikaangukia kiatu changu; sumaku inashika bati, haishiki puti.

Mama Veronika alikuwa amesimama mlangoni, Veronika nyuma yake.

"Fundi, hapa chini kuna nini?"

Sisi mafundi huwa hatukosi jibu. Nilikuwa nayo matatu tayari mdomoni, moja lilihusu bati la kisasa. Nikamwangalia Veronika. Yeye alikuwa anaiangalia ile sumaku.

"Kutu, baba. Sikuikata. Niliifunika kwa puti."

Baba Happy akakohoa mpaka nikamwonea huruma. Mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mzee akaokota sumaku yake taratibu. "Ungeniambia siku ile una kazi nyingi, ningesubiri hata wiki mbili," akasema. "Sasa sikiliza. Binti yangu simpi mtu anayefunika kutu. Chukua hiyo pikapu. Mlango ukikaa sawa, nitamwita mjomba wako nimpe jibu la posa. Usipokaa, jibu unalo."

Nikaondoka na pikapu. Tulipofika mjini ndiyo Baba Happy akauliza, "Hivi hanga ulikuwa unaitaka ya nini?"

Nikabandua puti. Kutu ilikuwa mbaya kuliko nilivyokumbuka, nilipitisha vidole vinne upande wa pili. Nikakata yote, nikapachika bati jipya, nikachomelea harakaharaka nimalize. Joto likalivuta bati, likawa na mawimbi kama ziwa letu siku ya upepo. Nikakata tena.

Mara ya pili bati likanyooka, lakini mlango ukifungwa, mwanya juu mpana, chini mwembamba. Nikarekebisha bawaba, juu pakakaa, chini pakaanza kusuguana. Nikarekebisha chini, mstari wa ubavuni ukakataa kukutana na ule wa kwenye bodi, nyuma ya mlango. Ukigusa hapa, pale panaharibika.

Nikakaa juu ya tairi. Huu ni mlango mmoja, wa pikapu ya kubebea mbaazi! Nikafikiria ndege yenye vipande sijui vingapi, vyote vinatakiwa kupatana namna hii, halafu ndiyo uanze habari za rangi na injini. Nikacheka peke yangu. Nikaukumbuka uzi wangu humu, nikacheka zaidi.

Mara ya tatu nikatulia. Nilichomelea nukta moja hapa, nikaacha ipoe, nyingine kule mbali. Nikachukua ubapa wa msumeno wa chuma, nikawa naupitisha kwenye mwanya kuzunguka mlango mzima, ukibana narekebisha, ukilegea narekebisha. Wenye magari mengine niliwaambia ukweli: wiki hii nimebanwa, njoo ijayo. Cha ajabu hakuna aliyegomba.

Veronika akawa anapita jioni akitoka dukani, na tochi. Anachuchumaa, anamulika mlango kwa ubavu, anagusa kwa kidole. "Hapa." Anaondoka. Kesho yake, "Na hapa." Nilimwambia amerithi ubaya wa baba yake. Akasema bado sijaona wa mama.

Siku ya tano akamulika muda mrefu, akazima tochi, akaondoka bila kusema kitu. Nikaogopa kuliko siku zote.

Asubuhi iliyofuata mzee akaja na Baba Happy. Hakunywa hata maji. Akapitisha sumaku chini ya mlango. Ta. Akaisogeza, ta. Mpaka mwisho, ta. Akachuchumaa na tochi, akamulika kutoka mbele, akamulika kutoka nyuma, akapitisha kiganja. Akafungua mlango, akaufunga kwa kidole kimoja.

Nikashindwa kuvumilia. "Baba, unaonaje?"

"Ulibonyea wapi vile?" akauliza. "Mimi sioni kitu."

Akamgeukia Baba Happy. "Jumapili baada ya misa mje nyumbani. Mje na wazee wenu." Halafu mimi akanipa mkono. "Umefanya kazi, mwanangu."

Wakuu, mwanangu. Nilienda nyuma ya kompresa nikajifanya natafuta spana.

Kwa hiyo nilichojifunza ni hiki. Kile kitu nilichokiita rahisi, nilikuwa nimekiona kwa nje, kimeshapakwa rangi. Waliokitengeneza walikata na kurudia pale ambapo hakuna anayeangalia, na ndiyo maana wako wachache. Mimi mlango mmoja umenichukua wiki nzima.

Wenye ujuzi wa rada au ndege, nirekebisheni nilipokosea, nimeandika nilivyoelewa stooni. Mafundi bodi wenzangu, njooni mkiri na ninyi, najua mko wengi. Na yule aliyeandika kwenye ule uzi kwamba mimi nitaishia kurusha tiara, nimekusamehe.

Ile sumaku mzee aliniachia. Nimeitundika kwenye msumari mlangoni mwa gereji, mteja yeyote anaruhusiwa kupita nayo kabla hajaondoka na gari lake.

Nilitaka kuwaomba mods, wasimamizi wa humu, waufute ule uzi wangu wa zamani, maana ndoa inakaribia na wakwe wana simu. Veronika kakataa. Kasema hiyo nayo ni puti.

Basi upo pale pale, kurasa zote nne. Nendeni mkacheke.