Vumbi ya Kijani na Njano

Papa ya batoto wangu alinunua motokari kwa mtu wa kanisa letu hapa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, aliyekuwa anangoja safari ya Kanada. Ilikuwa ile ya petroli na umeme, haibridi. Karatasi ya garanti ya Japani ilikuwa imeisha zamani, lakini muuzaji akajipiga kifua: "Garanti ni mimi!" Kisha jina lake likatoka kwenye orodha ya kwenda Kanada, akapanda ndege, na garanti yetu ikapanda naye.

Tulicheka tu, sababu motokari ilikunywa petroli kidogo sana. Asubuhi ilipeleka bantu Lilongwe, jioni ilirudi na mizigo yangu. Mi ni mshonaji. Nguo za kwaya za Mponela, za Mtandire, nyingi zilipita kwa mikono yangu, na kila wiki nilijaza kiti cha nyuma na bitenge mpaka kwenye dirisha.

Mwaka wa pili, mjini Lilongwe, taa nyekundu ikawaka na motokari ikakataa kutembea. Kwenye garaji kubwa bakatuambia betri ya umeme imekufa. Bei ya mpya ilizidi bei tuliyonunulia motokari yenyewe! Nikasema, "Mungu wangu, basi motokari tulipewa bure juu ya betri!" Mume wangu hakucheka. Alikuwa anafikiri mashini yangu ya kushonea.

Ile mashini! Nilitoka Bukavu na kichwa chake mgongoni, nimekifunga na kitenge, na bantu njiani baliniuliza mtoto ana miezi mingapi. Leo iuzwe? Wiki tatu nilimsomea mume wangu. "We njo umeua motokari! Unaendesha kama mtu anakufukuza! Unapakia bantu nane!" Majirani balijua hotuba yangu kwa moyo. Yeye, mpole wa kuzaliwa, alijibu tu, "Sawa, Mama." Lakini bila motokari hatungekula, na mwisho nikakubali. Mnunuzi wa mashini angekuja Jumamosi.

Alhamisi tukasikia kuna fundi mtaa wa Chinsapo, kule kule Lilongwe, anafungua hizo betri. Ijumaa tukaenda, tukaitoa motokari kwenye garaji, tukaisukuma mpaka kwake, mi nyuma, nikiendelea na hotuba.

Fundi akafungua. Kumbe ndani si betri moja, ni bipande bingi bimepangwa kama bitabu. Akapima kimoja kimoja, jasho linamtoka. "Amayi," akaniambia, njo "Mama" kwa lugha ya huku, "bitatu tu njo bimekufa." Bipande bingine alikuwa nabyo, alibitoa kwa gari iliyopata ajali. Nilipiga vigelegele pale pale, kuku bakakimbia.

Kisha akasema tutafute kilichobiua, bisife tena. Pembeni ya kiti cha nyuma akafungua kifeni kidogo kinachovuta hewa ya kupoza betri. Akaingiza bidole, akavuta tonge kubwa la nyuzi na manyoya ya kitambaa. Kijani na njano. Kitenge cha kwaya ya Pasaka!

Mdomo wangu wa wiki tatu ukafungika. Nyani haoni kundule.

"Hii ni nini?" fundi akauliza.

Mume wangu, bila kuniangalia, akajibu, "Vumbi tu, bwana. Barabara ya Dowa iko na vumbi mingi."

Vumbi ya Dowa ni nyekundu, na sisi bote batatu tulijua. Nilimpenda saa ile kuliko siku ya ndoa yetu.

"Acha uongo, Papa!" nikapiga kelele. "Ni mimi! Ni bitenge byangu!" Fundi akacheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Mume wangu akakaa chini kabisa, anajifuta machozi. Fundi akakubali pesa kidogo, na nimshonee mke wake magauni mawili.

Jumamosi mnunuzi akanikuta kwenye mashini, niko nashona shati ya mwanaume, ya kijani na njano.

"Haiuzwe tena," nikamwambia. "Niko na mtu wa kuomba msamaha."