Mkono Nilioinua Kunduchi

Kuna siku haijanitoka kichwani, mwanangu, na wala haihusu hizi simu ninazotaka kukusimulia. Nilikuwa kijana, mbeba magunia pale Tandale. Palikuwa na mashine mbili za kusaga mahindi, zimetazamana kama mabondia. Mwenye hii akishusha bei, mwenye ile anakushonea na gunia lililochanika, bure. Kisha kijana wa huyu akamuoa binti wa yule. Harusini nilicheza mie mpaka kiatu kikaachia soli! Wiki haikuisha, bei ya kusaga ikapanda, na gunia ukashone mwenyewe.

Ngoja, nilikuwa nakupeleka wapi? Ndiyo, Kunduchi.

Uzeeni nilinunua hisa za kampuni ya simu, ile kubwa. Jirani yangu hapa Chanika, Mwalimu Kanuti, mstaafu, naye akanunua. Lakini laini ya kupigia alikuwa na ile ya kampuni ndogo, maana vifurushi vyao vilikuwa rahisi mno. Kila mchana alimpigia mkewe, aliyekwenda Bukoba kumuuguza mama yake. Wanaongeaga saa nzima, hata kisu cha mkewe kikikata mboga unakisikia.

Tukaitwa kwenye mkutano wa wanahisa, hotelini Kunduchi. Kampuni yetu inataka kuinunua ile ndogo, tupige kura. Wakubwa wakasema hisa zitapanda. Harufu ya pilau nayo inaingia, mie macho mlangoni.

Mwalimu akaninong'oneza, "Mzee Athumani, tuulize kwanza. Hawa wakishakuwa kitu kimoja, watamwogopa nani?"

"Mwalimu, umestaafu, acha kusahihisha madaftari ya watu!"

Waliotuzunguka wakacheka. Nikainua mkono, wa kwanza kabisa.

Hisa zikapanda kweli, siku chache, kisha zikarudi palepale. Gawio tukaambiwa tusubiri, fedha zimeishia kwenye ununuzi. Kifurushi cha Mwalimu kikafutwa, kikaja kingine, bei juu, dakika kiduchu. Ahamie wapi? Kampuni zilizobaki zilipoona hivyo, nazo zikapandisha. Ile saa nzima ikawa salamu tu: mama kaamkaje, haya, simu imekata.

Sikiliza, mwanangu. Mwenye hisa naye ananunua vocha, na jirani yake pia. Kabla hujaukubali muungano, uliza bei itakuwaje kesho, uliza atabaki nani wa kushindana nao. Wakikuzungusha, kaa na mkono wako chini, hata kama chakula kinapoa. Mungu akupe ulimi wa kuuliza, akupe na jirani wa kukuzuia, na akikuzuia umsikie.

Mie nilichelewa. Mwalimu alipokuja kibarazani kwangu nikamwambia, "Gawio likitoka, nakununulia kifurushi cha mwezi mzima."

Akanitazama. "Mzee, ulikuwa unajua nampigia nani."

Akaweka chini kikombe cha kahawa, kimejaa vilevile, akatoka. Nilidhani kaenda dukani. Mpaka leo hajarudi kibarazani kwangu.