Kiraka cha Mistari Ishirini na Mitatu

Saa tisa na dakika kumi alasiri umeme ulikatika ghalani kwetu Mbale. Uliporudi baada ya robo saa, faili la akiba ya mahindi kwenye kompyuta lilikuwa tupu. Jina lake lilikuwepo, ndani hamkuwa na kitu. Tulihesabu magunia upya kwa mikono, siku mbili.

Ghala lilikuwa mali ya umoja wa wastaafu wa jeshi, polisi na magereza. Mimi nilikuwa nimeacha kazi ya magereza nikawa mtunza ghala wao. Programu niliyoitumia ilikuwa ya bure. Iliandikwa na watu wa nchi mbalimbali ambao wengi wao hawajapata kuonana, na msimbo wake, yale maagizo yanayoiendesha, ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Lugha ya msimbo huo nilijifundisha mwenyewe, katika chumba cha kupanga Namakwekwe, kwa nakala ya kitabu isiyo na jalada wala sura ya nne.

Ilinichukua siku tisa kuliona kosa. Kila ilipohifadhi, programu ilifuta faili la zamani kwanza, ndipo ikaandika jipya. Umeme ukikatika katikati, huna la zamani wala jipya. Niliandika kiraka cha kuirekebisha, cha mistari ishirini na mitatu: andika jipya pembeni, hakikisha limekamilika, kisha ufute la zamani.

Mwenyekiti wetu, sajini mstaafu, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kambini:

"Wewe nasema imepona. Nani mwingine ameona?"

"Nimeijaribu mwenyewe, afande."

"Sikiza. Askari hapana beba bunduki ametengeneza mwenyewe nyumbani. Wenye programu wakikubali, sawa. Wakinyamaza, tunanunua ile programu ya kuuzwa ya Kampala, na wewe narudi mlangoni kuhesabu magunia."

Alinipa muda hadi mkutano wa kamati kabla ya mavuno. Nilikasirika, lakini nilipopiga hesabu nikaona ana haki. Kiraka anachokielewa mtu mmoja ni hatari hata kama ni sahihi. Toleo jipya la programu lingekuja bila kiraka hicho, na kosa lingerudi nikiwa nimehama au nimekufa. Kilipaswa kuingia ndani ya programu yenyewe.

Barua pepe tuliifuata Jinja. Mfanyabiashara mmoja, mama wa Mafubira, alikuwa na ofisi ya kupiga chapa mjini, na modemu yake ilipiga simu Kampala mara moja kwa siku, kupeleka barua na kuleta nyingine. Kila Ijumaa nilikwenda na disketi. Barua ya kwanza nilimwandikia mwanzilishi wa programu, yeye peke yake. Nilimsalimu, nikamuulizia afya, nikajitambulisha, nikaeleza, nikaambatanisha kiraka, nikamalizia kwa "wako mtiifu".

Wiki ya pili hapakuwa na jibu. Ya tatu vilevile. Sikukumbusha. Kule nilikotoka, anayemkumbusha mkubwa barua yake anatafuta uhamisho.

"Bado?" nilimuuliza yule mama wiki ya sita.

"Bado, bwana. Ingekuwa posa, binti angekwisha zaa." Alinisukumia rundo la karatasi. "Hizi ni barua za orodha yao, zinazotumwa kwa wote, zile ulizoniomba nizipokee. Umezisoma, au unazikusanya tu? Huyo mkubwa wako kaandika lini mara ya mwisho?"

Nilipekua. Hakuwa ameandika kwa miezi. Wengine walikuwa wakitumiana viraka mbele ya wote, wakikosoana na kukubaliana, bila "mheshimiwa" hata moja.

"Umebisha hodi chumbani kwa mzee," alisema, "na wenyeji wote wako barazani."

"Kwa hiyo nimruke mkubwa?"

"Mkubwa gani? Gereza umeliacha, au umekuja nalo mfukoni?"

Siku ileile nilituma kiraka kwenye orodha. Yule mama alinifutia salamu zote isipokuwa mstari mmoja. "Hizi nyingine kawape wakwe zako," alisema.

Ijumaa iliyofuata nilikuta majibu matatu. Mmoja alitaka kiraka kigawanywe vipande viwili. Wa pili aliuliza kama kitafanya kazi kwenye mashine za aina nyingine. Wa tatu hakupenda nafasi nilizoacha mwanzoni mwa mistari. Wote walikuwa sahihi. Lakini kwao swali na jibu vilimalizika asubuhi moja. Kwangu swali lilinifikia Ijumaa, na jibu nililoliandaa ghalani liliondoka Ijumaa nyingine. Kabla sijamaliza kuwajibu, mtu mwingine alibadilisha sehemu ileile ya programu na kiraka changu hakikukaa tena mahali pake. Nilikiandika upya. Wiki mbili baadaye nikakiandika upya tena.

Mavuno yalikuwa yanakaribia. Nisingeweza kuongeza Ijumaa. Ningeweza kupunguza maswali. Nilisoma rundo lote la barua na kunakili daftarini kila swali ambalo mtu yeyote aliwahi kuulizwa. Yalikuwa thelathini na moja, nikayajibu yote kabla hayajaulizwa. Kisha nikachomoa waya wa umeme mara arobaini programu ikihifadhi, nikiandika matokeo ya kila mara.

Mwenyekiti alinikuta nikiwa mara ya ishirini na sita.

"Wewe napigana na ukuta?"

"Naupima, afande."

Alisimama akitazama, kisha akauchomoa waya mwenyewe mara mbili, kwa nguvu kuliko mimi. Faili lilibaki zima.

Mwisho wa barua niliandika jambo lililonigharimu kuliko mengine: jibu langu huchukua siku saba, kwa hiyo anayetaka kusahihisha mistari yangu aisahihishe mwenyewe, asinisubiri. Sikuwa nimezoea mtu kugusa kazi yangu.

Ijumaa ya mwisho kabla ya mkutano jibu lilikuwa limefika. Yule asiyependa nafasi zangu alikuwa amezirekebisha kwa mkono wake. Kiraka kilikuwa kimekubaliwa na kuingizwa.

Jumamosi mwenyekiti aliisoma karatasi ya jibu hilo mbele ya kamati.

"Huyu aliyekubali, cheo chake?"

"Hawana vyeo, afande."

"Jeshi gani hii!" Kamati ikacheka. Yeye hakucheka. Aliwaambia kwamba alichomoa waya kwa mkono wake, na akaomba ununuzi wa Kampala ufutwe. Ukafutwa.

Ndipo mweka hazina akasema kwamba kwa hofu ya mavuno alikwisha peleka malipo ya kwanza, siku nne kabla, na muuzaji harudishi. Hakuna aliyemlaumu. Kimya cha wiki zile sita za mwanzo kilikuwa kosa langu, nami nikasema hivyo. Bei ya programu ile ilikuwa shilingi milioni moja na laki nane. Laki tatu zilipotea, tukaokoa milioni moja na laki tano.