Mpima Macho na Karata Yake ya Asubuhi

Pale dukani tulimwita Nyota, na jina hilo nililianzisha mimi kwa kejeli. Yeye alikuwa mpima macho, mimi fundi wa kukata lenzi. Kati ya chumba chake na meza yangu palikuwa na ukuta wa mbao, mwembamba kiasi kwamba akipiga chafya nilimpa pole bila kuinuka. Kwa miaka kumi na minne nilimsikia akiwauliza watu swali lile lile: "Ya kwanza au ya pili?"

Asubuhi, kabla mlinzi hajafungua mlango wa mbele, alikaa kwenye kiti cha wateja, si chake, akawasha taa ya mezani na kutoa mkobani bunda lililofungwa kwa leso. Lilikuwa bunda la karata za taroti, sabini na nane, zenye picha za wafalme, minara na watu waliobeba vikombe. Alizichanganya, akachomoa moja tu. Kisha alisoma kwenye simu nyota yake, Ng'ombe, ilisemaje siku hiyo. Mwisho alifungua daftari la shule, akaandika tarehe na mistari mitatu. Akimaliza alivaa koti jeupe na kuwa mtu kama sisi.

Mimi mambo hayo siyaamini, na sikuwahi kumficha.

"Leo ramli inasemaje?" nilimwuliza siku moja. "Nitaokota nini njiani?"

"Sipigi ramli, Fundi. Ningekuwa naijua kesho, ningekuwa hapa nakusikiliza wewe?"

Karani wa mapokezi alimbembeleza mwaka mzima asomewe karata, akaambulia patupu. Nyota alisema picha zile zilikuwa za kumwuliza yeye habari zake mwenyewe, na majibu yalikuwa kwenye daftari. Alisema kutwa nzima anawauliza wengine wanaona nini, kwa hiyo asubuhi anajiuliza yeye. Niliona ni njia ndefu ya kufika mahali mtu angefika kwa kukaa kimya na kikombe cha chai, lakini duka lilikuwa halijafunguliwa, na muda ulikuwa wake.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mumewe alifariki binti yao akiwa bado shule ya msingi, na binti huyo sasa ameolewa, ana nyumba yake. Nyota alibaki na vyumba viwili, redio, na viti viwili vya kamba ambavyo kimoja kilikuwa cha kuwekea nguo zilizoanuliwa. Nilikijua kiti hicho kwa sababu kila nilipomtembelea nilihamisha nguo kwanza.

Ndipo akaja Mwalimu. Alikuja kupimwa macho kama mtu yeyote, akarudi kulalamika kuwa fremu inambana, akarudi tena kusema haimbani. Mara ya nne hakuwa na kisingizio. Alikuwa mgane, mpole, mwenye suruali zilizonyooka, na ambaye hakuwahi kuingia bila kuchungulia kwangu na kuniamkia. Nilimpenda sana mtu yule, nakiri. Kwa mwaka mzima alimtembelea Nyota kila jioni aliyokuwa mjini. Asipokuwepo, alikuwa amepelekwa mbali kusahihisha mitihani, wiki mbili, wakati mwingine tatu.

Mwishowe akaomba kumwoa. Shangazi yake Nyota, aliyemlea tangu mdogo, alikaribia kukubali kwa niaba yake hapo hapo. Wageni wa upande wa Mwalimu wakapangiwa kuja Jumamosi kusikia jibu. Wiki hiyo shangazi alikuja dukani akiwa na silaha mpya: alikuwa amemwomba mjukuu wake aangalie kwenye simu.

"Mwanangu, yeye ni Mizani, wewe ni Ng'ombe," alisema, nami nikazima mashine ili nisikie vizuri. "Nyota zenu zote mbili zinatawaliwa na sayari moja, Zuhura. Ninyi ni watoto wa mama mmoja!"

"Shangazi, watoto wa mama mmoja hawaoani."

Shangazi aliondoka akisonya, lakini mlangoni aligeuka na kusema Jumamosi ni Jumamosi.

Hapa lazima nieleze jambo moja la kazi yetu. Mtu akipimwa macho hutaka kufaulu, kana kwamba ni mtihani. Ukimwuliza ipi ni bora, anajaribu kukisia wewe unataka ipi. Kwa hiyo Nyota alikuwa na mtego: aliweka lenzi, akaitoa, kisha akairudisha ile ile na kuuliza, "Ya kwanza au ya pili?" Mkweli husema ni sawasawa. Mwingine husema, "Hii ya pili, daktari, aa, hii ni safi kabisa!" Huyo Nyota alimwambia apumzike, anywe maji, wataanza upya. Hakuwahi kumcheka mteja kwa hilo. Mimi nilicheka.

Alhamisi asubuhi aliniita. Hakuwahi kuniita saa ya karata, hivyo nilidhani balbu imeungua. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha wateja, na mezani kuna karata ya mzee amesimama juu ya mlima peke yake, fimbo mkono mmoja, taa mkono wa pili.

"Huyu ni Mpweke," alisema. "Mwaka huu amenitokea mara tano kabla ya leo. Kurasa za siku hizo nimeziwekea alama. Nisomee nilichoandika, ila usinitajie tarehe. Na usizifuate kwa mpangilio."

"Ili iweje?"

"Picha ni ile ile. Nataka kujua nani amebadilika."

Nilivaa miwani yangu nikasoma, nikijisikia mjinga. "Mzee huyu amechoka. Taa yake ni nzito. Nijifunze kuvumilia."

"Mwalimu alikuwepo mjini," akasema.

Nikafungua alama nyingine. "Nimekunywa chai taratibu. Nimecheka mwenyewe na redio. Mzee huyu hajapotea, anatembea tu."

"Alikuwa kwenye mitihani."

Nilisoma zote tano. Mara tatu alisema yupo, mara mbili hayupo. Kisha nikalinganisha tarehe na kalenda ya ukutani, alikokuwa amezungushia wino wiki za safari za Mwalimu. Hakukosea hata moja. Nilitamani akosee. Naye alitamani, nadhani, kwa kuwa aliniomba nihakikishe mara ya pili.

"Mwaka mzima," alisema, "shangazi akiniuliza kama nina furaha, namjibu ndiyo. Yeye Mwalimu akiniuliza, ndiyo. Daftari sikuwahi kulirudia nyuma. Nilikuwa naandika, nafunga, navaa koti."

Nikapandwa na hasira. Nilimwambia mwanaume kama yule haokotwi, kwamba hanywi, hafoki, na kila mtu anamheshimu, halafu yeye anataka kumkataa kwa ajili ya daftari la shule!

"Ndiyo maana nimechelewa," alisema. "Angekuwa mbaya ningemaliza zamani. Ni mwema, Fundi. Mimi ndiye ninayemngoja aondoke." Akalia kidogo, akajifuta kwa leso ile ya karata. Mlinzi alifungua mlango, na mteja wa kwanza akaingia akisugua jicho.

Kutwa hiyo niliharibu lenzi mbili, jambo ambalo hunitokea mara moja kwa mwaka.

Ijumaa mchana Mwalimu alikuja kuchukua miwani yake ya kusomea, ile niliyokuwa nimeikata mwenyewe na kuing'arisha kuliko ilivyostahili. Alinisalimia kama kawaida, akaingia kwa Nyota. Nilimsikia Nyota akimvisha, akimwambia atazame juu, atazame chini, asome mstari wa mwisho. Alisoma vizuri, bila kusita.

Kisha Nyota akamwambia. Hakuzunguka. Alisema hataolewa naye, kwamba amemheshimu na atamheshimu, ila akiwa peke yake ndipo anapokuwa mzima, na amechelewa kulijua hilo, na anaona aibu kwa mwaka aliompotezea.

Nilishika mashine bila kuiwasha.

"Karata zimekataa?" Mwalimu aliuliza. Hakuuliza kwa dharau. Nadhani angefarijika zikiwa ni karata.

"Hapana. Zingekataa ningezisingizia, na ingekuwa rahisi kwetu sote. Ni mimi."

Nilisikia kiti kikisogezwa. Nilisikia akivua miwani na kuifuta, pole pole, upande mmoja, kisha wa pili.

"Shangazi anajua?"

"Bado. Kesho atanikasirikia mbele ya wageni, acha anikasirikie. Nimeanza na wewe."

Mwalimu akamshukuru kwa hilo, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeshukuru kwa adabu tu. Alipopita mezani kwangu alisimama kunipa mkono, na mimi nikaupokea kwa mikono yangu miwili.