Mashine ya Kaka na Jua la Mikindani

Kaka aliporudi kutoka Dar likizo ya mwezi wa sita, alishuka na begi moja la nguo na sanduku la chuma lenye feni mbili, akasema amekuja kuchimba sarafu. Nilifurahi mno hata sikuuliza zaidi. Nyumbani Mikindani tunaishi wawili tu, mimi na bibi. Mama ni muuguzi Newala, huja mwisho wa mwezi akipata nafasi. Na mimi likizo huwa naiogopa. Shuleni angalau kuna mtu anakuita jina, hata kama ni la mahudhurio.

Bibi alisikia "kuchimba sarafu" akaelewa kama ambavyo mtu yeyote wa Mikindani angeelewa. Huku kwetu kila nyumba ya mawe ina hadithi ya rupia za Mjerumani zilizofukiwa chini ya sakafu, na wapo watu waliobomoa majiko ya bibi zao kuzitafuta. Akamwambia jirani mmoja, kwa siri. Baada ya siku mbili wanawake wakawa wanapiga hodi kuomba chumvi huku macho yanakagua sakafu. Mmoja aliniuliza dukani mbele za watu, "Mmefika kina gani?" Nikasema bado hatujaanza. Ndivyo nilivyo, nikiona aibu hujibu chochote ili niachwe niende zangu. Jibu lile lilitutesa wiki nzima.

Kaka alicheka mpaka akakaa chini. Akamweleza bibi kwamba hakuna jembe wala shimo. Mashine inabahatisha namba, nyingi kuliko unavyoweza kuhesabu, ikishindana na mashine za watu wengine duniani, na kwa kazi hiyo inalipwa sarafu za mtandaoni, zisizoshikika mkononi. Bibi alisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza, "Sasa mume wangu, huko kubahatisha kunakula nini?"

Kunakula umeme. Kunakula kama pasi iliyowashwa ambayo hakuna anayeizima. Siku ya nne uniti za mita ziliisha mchana, friji ya bibi ikazima, na barafu za ukwaju anazowauzia watoto wa madrasa zikawa maji. Bibi hakugomba. Alimwita kaka akamwambia kwamba mashine ikiweza kujilisha yenyewe, akae nayo hata mwaka mzima. Ikishindwa, shule zikifunguliwa aondoke nayo.

Kaka akanunua paneli sita za sola zilizokwisha kutumika, akazifunga juu ya bati. Mchana alikuwa anakwenda mjini Mtwara kutengeneza simu kwenye kibanda cha rafiki yake, kwa hiyo kazi ya kupima akanipa mimi. Kila saa nisome kwenye kioo cha inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa jua uwe wa nyumbani, niandike wati ngapi zimeingia na mashine imezima saa ngapi. Jua nililiandika upande wa kushoto wa daftari. Upande wa kulia yeye aliandika gharama ya kazi hiyo hiyo kwa umeme wa mita, ambao kwetu unatokana na gesi ya upande wa Msimbati.

Jioni tulikaa kibarazani tukilinganisha. Kaka aliongea nami kama mtu mzima mwenzake. Alisema gesi ni ya uhakika, haijali wingu, na visima vyake viko karibu, ila ikishachomwa imekwenda, moshi umebaki angani, na kila uniti inalipiwa. Jua, paneli zikishafungwa, halidai kitu. Lakini magharibi linazama, na mashine inayolala nusu ya siku inapata nusu ya mapato. Nikamuuliza habari za betri. Akasema betri za kubeba mzigo kama wa pasi usiku kucha zingejaza chumba changu chote na zingekuwa ghali kuliko mashine yenyewe.

Siku moja nikauliza kwa nini tusitumie maji, si tuna Ruvuma? Lilikuwa swali refu kuliko yote niliyomuuliza mtu likizo ile. Kaka hakunicheka. Alisema Ruvuma ikifika huku imeshachoka, inatambaa tu kwenye mikoko, na bahari ikijaa inausukuma mto nyuma. Umeme unataka maji yanayoanguka.

Mchana bibi akiwa kwenye mihogo yake, nilibaki na mashine. Majirani walilalamikia kelele zake. Mimi nilisogeza mkeka wangu hadi mlangoni pa chumba ilimokuwa. Ilikuwa inaunguruma kama pumzi za mtu aliyelala chumba cha pili, na nyumba ikawa haina ule ukimya wake. Niliisomea kwa sauti notisi zangu za Historia. Naona haya kuandika hili, lakini ni kweli.

Siku ya kwanza ya kupima, wingu lilikuja likakaa. Mashine ilizima saa nane. Nikaandika saa kumi na moja.

Nilijua ninachofanya, sitasingizia mkono. Nikapandisha na wati zilingane na hiyo saa. Kesho yake ilizima saa tisa kasoro, nikaandika kumi na moja na nusu. Kaka alisoma taratibu, akasema jua la Mikindani lina bidii. Nilikwenda kulala nimefurahi. Nilidanganya siku tisa, na kila siku nilihesabu kwamba nimemchelewesha kuondoka.

Jumamosi kabla ya shule kufunguliwa hakwenda mjini. Alinikuta kwenye mkeka wangu, akakaa sakafuni, akanionyesha simu yake. Mashine inaandika yenyewe kila dakika iliyofanya kazi, na yeye anaiona popote alipo. Saa nane ya siku ya kwanza ilikuwepo pale. Saa tisa kasoro nayo ilikuwepo. Alijua tangu mwanzo.

"Mdogo wangu, kwa nini?"

Nilitazama feni. Hapo ningeweza kujibu chochote ili niachwe. Nilikuwa na majibu mawili matatu tayari.

"Nilitaka ubaki."

Kioo cha simu kikazima mkononi mwake.

"Ungeniambia tu."

"Ningekuambia, ungebaki?"

"Hapana," akasema.

Kisha akanieleza yaliyobaki. Ana rafiki mwingine Njombe, kwenye kijiji chenye mtambo mdogo wa umeme kwenye kijito kinachoanguka usiku na mchana. Kule kuna baridi, mashine haitachemka, wala hakuna moshi. Kwa kazi hii, alisema, gesi inalishinda jua letu, na maji yale yanaishinda gesi, ila yako mbali. Alikuwa ameshakubaliana na rafiki huyo kabla hata sijaanza kuandika, kwamba jua likishindwa atahamia kule. Nikamuuliza mbona alikaa siku zote zile akisoma uongo wangu. Akasema alishindwa pa kuanzia kusema anaondoka.

Paneli aliziacha juu ya bati, mchana zinaitosha friji. Bibi alipoambiwa alinigeukia mimi akasema, "Mke mwenzangu, tumeachwa," akaenda kumenya mihogo.

Jumapili asubuhi nilimshikia kaka misumari aliyoing'oa wakati anafungua waya za mashine. Tulilifunga sanduku kwa kanga mbili za bibi, yeye akashika upande mmoja na mimi upande mwingine, tukalibeba hadi barabarani. Bajaji ya kwenda stendi ya Mtwara ilisimama. Sanduku lilichukua nusu ya nafasi, kaka akajisogeza akapiga kiti pembeni yake kwa kiganja, akasema panda unisindikize, utarudi na hiyo hiyo. Nafasi ilikuwepo. Nikasema siwezi, nina nguo za kufua.

Sikuwa na nguo za kufua. Nilikuwa nimezifua zote jana yake.