Kumeza Upya

Nilikuwa kazini, natembeza wageni katika msitu wa Jozani. Nikawaonesha kima punju wawili tawini. Mgeni mmoja akasema anamwona mmoja tu. Nikafumba jicho la kulia, akabaki mmoja. Nikafumbua, wakawa wawili tena. Kisha ardhi ikaniyumbisha, nikakumbatia mti, nikatapika. Mwongozaji mwenzangu akanipa maji. Yakanipalia, mengine yakanitokea puani.

"Mbona mdomo wako umekwenda upande?" akaniuliza.

Nilitaka kumjibu, ukatoka mkwaruzo tu. Hakungoja. Alinitia katika gari ya wageni wale wale, tukaenda hospitali mjini.

Mke wangu alinikuta kitandani. Mama yake keshamwambia kuwa ni upepo mbaya, nirudishwe nyumbani nikasomewe.

"Tutamsomea hapa hapa, mama," akamjibu.

Na alinisomea kweli. Daktari alitueleza kwamba kiharusi kimepiga shina la ubongo, pale inapotokea mishipa ya fahamu inayoendesha macho, uso na koo. Mikono na miguu ilikuwa na nguvu, akili timamu, lakini mate yangu mwenyewe sikuweza kuyameza. Nikatiwa mpira puani, nikawa nalishwa maziwa kwa huo. Harufu ya chapati za wenzangu wodini ilinitesa kuliko sindano. Niliogopa kwamba ndiyo basi, sitaonja kitu tena.

Mama mmoja mpole, mtaalamu wa mazoezi ya koo, akawa ananijia kila asubuhi. Inamisha kidevu, zuia pumzi, meza, kohoa. Jicho moja likafunikwa kwa kiraka, na kizunguzungu kikapungua.

Siku aliyoniruhusu kujaribu chakula, mke wangu alileta bokoboko la ngano na nyama, kalisonga mpaka limelainika kama uji mzito. Nikainamisha kidevu, nikameza. Sote watatu tukangojea kikohozi. Hakikuja.

"Limepita?" mke wangu akauliza.

"Nshameza."

Akajikalia sakafuni, akalia huku anacheka. "Alhamdulillahi! Fungua kinywa basi, bwana, lisije likapoa."

Sauti yangu bado ina mkwaruzo, na nikichoka sana huona vitu viwili viwili. Lakini nakula sinia moja na wanangu. Mama mkwe hunipikia pweza, kisha hulalamika kwamba natafuna polepole mno, wenzangu wote wameshanawa mikono.